Jinsi ya Kumtumia Mwalimu wa Mazoezi ili Uzito Uliopungua Usirudi

Mtu aliyepunguza uzito kwa jasho lake huogopa siku atakayozitoa tena kabatini nguo kubwa alizokwisha kuzikunja na kuziweka mbali. Hofu hiyo ina msingi. Kupunguza uzito na kuuzuia usirudi ni kazi mbili tofauti, na wengi humwajiri mwalimu wa mazoezi kwa ajili ya kazi ya kwanza, kisha huachana naye siku ileile kazi ya pili inapoanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kujua kama fedha anazomlipa mwalimu zitakuwa na faida baada ya mwaka mmoja, miwili au mitano, na afanye nini ili faida hiyo ipatikane.

Swali lenyewe liliwahi kupimwa. Mwaka 1998 Robert Jeffery, Rena Wing na wenzao walichapisha nchini Marekani utafiti uliowafuatilia watu wanene 193 kwa miezi 18. Wote walifundishwa kubadili ulaji na mwenendo wa kila siku. Baadhi yao waliongezewa matembezi ya pamoja mara tatu kwa wiki, na miongoni mwa hao walikuwapo waliopewa mwalimu binafsi aliyetembea nao, akawapigia simu za kuwakumbusha na kufidia nao siku walizokosa. Walimu hao waliongeza mahudhurio, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, jumla ya nguvu ambayo miili ya wateja wao ilitumia katika maisha yao yote haikuongezeka, na mwishoni hawakuwa wamelinda uzito kuliko wenzao wasio na mwalimu.

Matokeo hayo hayanikatishi tamaa. Kwangu yanaonyesha mahali penye tundu. Wiki ina saa 168. Ukikutana na mwalimu mara tatu kwa saa moja moja, zinabaki saa 165 ambazo hayupo, na ndani ya hizo ndimo unamopika, unamokaa, unamolala, unamokasirika na unamokula. Mwalimu anayeisimamia vizuri saa yake na kuziacha nyingine zijisimamie zenyewe atakupa mwili wenye nguvu kwa muda, lakini hatakulinda. Kila hatua inayofuata hapa chini inalenga kuivusha saa ya mwalimu ifike kwenye zile 165.

Fahamu kwanza unapambana na nini

Mwili uliopungua hauchukulii kupungua kwake kama ushindi. Huongeza homoni za njaa, hupunguza zile za shibe, na hutumia nguvu kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa huo. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha habari za watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, ambako walifanya mazoezi chini ya usimamizi wa walimu. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa.

Habari hiyo ina sehemu ya pili ambayo husimuliwa mara chache. Walipotenganishwa waliofaulu kulinda uzito na walioshindwa, ilionekana kwamba waliofaulu walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160 kuliko walivyokuwa kabla ya shindano, ilhali walioshindwa walikuwa wameongeza kwa asilimia 34 tu. Kwa hiyo wingi wa mwendo wa kila siku, miaka mingi baada ya mwalimu kuondoka, ndio uliotofautisha makundi hayo mawili. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Anayelinda uzito uliopungua anapaswa kulenga upande wa juu wa kiwango hicho, na katika daftari la taifa la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994 ili kuwafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka au zaidi, wengi wanaeleza kwamba hufanya mazoezi karibu saa moja kila siku. Zoezi wanalolitaja zaidi ni kutembea, ambalo halihitaji mwalimu.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya

Mwulize mwalimu wateja wake waliomaliza mwaka uliopita wanaendeleaje leo. Usimwulize alipunguza watu kilo ngapi. Swali hilo kila mmoja ana jibu lake na picha zake. Unataka kujua kama anawafuatilia watu baada ya malipo kwisha, kama anazo namba za simu zao, na kama anaweza kukueleza mtu mmoja aliyerudisha uzito na alichojifunza kutokana naye. Mwalimu mkweli atakuwa na kisa kama hicho. Anayesema wateja wake wote wamefaulu ama hajui, ama anaficha, na katika hali zote mbili hakufai kwa kazi hii.

Uliza pia atakufundisha nini utakachoweza kukifanya peke yako nyumbani, bila mashine. Akikosa jibu la haraka, endelea kutafuta. Kama una kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au maumivu ya viungo yasiyoisha, pata kwanza ushauri wa daktari na umpelekee mwalimu maelekezo yake yakiwa yameandikwa. Mwalimu anayekuandikia mlo wa kutibu maradhi, au anayekuuzia vidonge vya kukata njaa, amevuka mpaka wa kazi yake.

Daftari likae mikononi mwako

Tazama vipindi viwili vinavyofanana kwa mbali. Katika cha kwanza, mwalimu amesimama na saa mkononi, anahesabu kwa sauti, anapanga vyuma, anaviondoa, anasema pumzika, anasema endelea. Mteja anatii kwa bidii, anatoka jasho, anashukuru, na anapofika mlangoni hajui alinyanyua kilo ngapi wala kwa nini. Katika kipindi cha pili, mwalimu anamkabidhi mteja daftari na kalamu kabla chuma chochote hakijaguswa.

“Dada, wiki iliyopita uliandika nini kwenye kuchuchumaa?”

“Kilo 20, mara kumi, awamu tatu. Awamu ya mwisho magoti yaliingia ndani.”

“Leo utaanzia wapi?”

“Palepale kwenye 20, kocha. Sitaongeza mpaka magoti yatulie.”

“Haya, anza. Uhesabu mwenyewe.”

Yule wa pili anafundishwa kazi, na siku mwalimu akisafiri atajua la kufanya. Dai kipindi cha namna hii tangu wiki ya kwanza. Jifunze kupasha mwili moto bila kuelekezwa, jua mazoezi matano au sita makuu na namna ya kuyarahisisha ukiwa umechoka, na jua wakati wa kuongeza uzito wa vyuma na wakati wa kubaki ulipo. Mazoezi ya nguvu yana umuhimu wake hapa, kwa kuwa mtu anayepungua bila kuyafanya hupoteza pamoja na mafuta sehemu kubwa zaidi ya misuli, na misuli hiyo ndiyo inayombeba anapopanda ngazi, anapotembea na anapozeeka.

Katika daftari hilohilo weka ukurasa wa zile saa 165: umetembea dakika ngapi, umelala saa ngapi, siku gani ulikula bila njaa na nini kilitangulia. Usiandike kila tonge, kwa maana wachache hudumu na kazi hiyo. Andika kinachotosha kumfanya mwalimu akuulize swali la maana mtakapokutana, kisha hakikisha kwamba anauliza. Dakika tano za mwanzo za kila kipindi zitumike kwa ukurasa huo, hata kama zitapunguza awamu moja ya mazoezi. Nadhani hizo ndizo dakika za thamani kubwa kuliko zote katika saa unayoilipia.

Tandaza vipindi, usivilundike

Watu wengi hununua vipindi vingi na kuvimaliza upesi, wakati ari ikiwa juu na msaada ukihitajika kidogo. Tuseme unaweza kulipia vipindi 24. Ukivifanya mara tatu kwa wiki vitakwisha katika wiki nane. Ukifanya viwili kwa wiki katika wiki nne za mwanzo, kimoja kwa wiki katika wiki nane zinazofuata, kisha kimoja kila baada ya wiki mbili kwa wiki kumi na sita, vipindi vilevile 24 vitakufikisha wiki ya 28, na katika muda huo utakuwa umekutana na ugonjwa, safari, msiba au sherehe, na utakuwa na mtu wa kurudi kwake. Siku zisizo na mwalimu ufanye mwenyewe alichokufundisha, kwa sababu mpango huu bila mazoezi ya peke yako ni uvivu uliopangwa vizuri.

Kinachojulikana vizuri kuhusu kulinda uzito kinaunga mkono mpangilio huu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Laura Svetkey na wenzake, watu 1,032 waliokwisha kupunguza angalau kilo nne waligawanywa katika makundi na kufuatiliwa kwa miezi 30. Waliopata mawasiliano mafupi ya mara moja kwa mwezi na mshauri, mengi yakiwa ya simu, walirudisha wastani wa kilo 4.0, walioachiwa wajitegemee walirudisha kilo 5.5. Tofauti ni ya kilo moja na nusu tu, na sitaikuza. Lakini ilipatikana kwa mazungumzo ya dakika chache kwa mwezi, bila chuma wala jasho.

Kwa hiyo, vipindi vinapokaribia kwisha, usiage. Mwombe mwalimu makubaliano mapya ya simu ya dakika kumi kila mwezi, kwa malipo mtakayopatana, kwa mwaka mzima au zaidi. Simu nzuri huwa hivi:

“Kocha, wiki hii imeniharibikia.”

“Iliharibika siku gani?”

“Jumatano. Nilichelewa kazini, nikala usiku sana, Alhamisi nikashindwa kuamka.”

“Na Ijumaa?”

“Ijumaa nikaona wiki imeshakwenda.”

“Basi tuiache Jumatano, tuzungumzie Ijumaa. Siku nyingine ukichelewa kazini, kesho yake utafanya kitu gani kidogo ambacho hakikushindi?”

“Nitatembea robo saa kabla ya kuoga.”

“Kiandike, mwezi ujao nitakiulizia.”

Hakuna aliyelaumiwa hapo, na hakuna aliyedanganywa kwamba mambo ni sawa. Mwalimu anayekuaibisha kwa sababu ya mizani atakufanya uache kupokea simu yake, na ukiacha kupokea simu umebaki peke yako wakati mbaya kuliko wote.

Wekeni namba ya hatari mapema

Chagua pamoja na mwalimu uzito ambao ukiufikia mtachukua hatua, na mfanye hivyo ungali mwepesi, kabla akili haijaanza kutafuta visingizio. Rena Wing na wenzake walitumia rangi katika utafiti wao wa mwaka 2006 kwa watu 314 waliokuwa wamepunguza uzito: kijani kwa aliyebaki karibu na uzito wake, njano kwa aliyeanza kupanda, nyekundu kwa aliyeongezeka kilo 2.3 au zaidi. Waliofundishwa mfumo huo walihimizwa kupima uzito kila siku. Baada ya miezi 18, katika kundi lililopokea jarida tu, asilimia 72.4 walikuwa wameongezeka kilo 2.3 au zaidi. Katika kundi lililokutana ana kwa ana, asilimia 45.7. Mizani peke yake haiokoi mtu. Inasaidia pale inapofuatwa na kitendo kilichokwisha kuamuliwa, kwa mfano kurudi kwa mwalimu kwa vipindi viwili ndani ya siku kumi na kuandika vyakula vyote kwa wiki mbili. Kama kujipima kila siku kunakutia fadhaa au uliwahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula, acha mizani na ujipime kiuno kwa tepu mara moja kwa mwezi.

Usipoweza kumlipa mwalimu kwa muda huo wote, mlipie kwa wiki chache za kujifunza mazoezi kwa usahihi, kisha kazi ya kukufuatilia mpe mtu mwingine: rafiki anayetembea nawe alfajiri, kikundi cha mbio za taratibu, au ndugu atakayepiga simu siku moja iliyopangwa. Msomee mtu huyo kwa sauti ukurasa wako wa daftari, maana wiki mbaya ni rahisi kuifupisha unapoisimulia kwa kichwa.

Na ukirudi kwenye mazoezi baada ya kukatiza kwa wiki tatu au zaidi, mwambie mwalimu ukweli kabla hujagusa chochote. Wiki ya kwanza tumia nusu ya uzito wa vyuma ulioandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, wiki ya pili robo tatu, na mpange tarehe ya kipindi kinachofuata kabla hujatoka mlangoni.