Kupima gome la mjafari kwa bakteria, hatua kwa hatua

Hapa Tanga ukiulizia dawa ya kikohozi, hukosi mzee wa kukuelekeza kwenye mjafari. Maabara haibishani na mzee. Inauliza tu: gome kiasi gani ndilo linalozuia bakteria kukua?

Usiguse bakteria wa kifua kikuu wenyewe. Hao wana maabara zao za usalama wa daraja la tatu. Tumia ndugu yao mpole, Mycobacterium smegmatis. Huyu hugawanyika kila saa 3 hadi 4. Wa kifua kikuu huchukua kama saa 20. Pleti (kibao cha vishimo vya kupimia) ya pili iwe ya Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu.

1. Gome. Mpelekee mtaalamu wa mimea tawi lenye majani athibitishe mti. Bandua upande mmoja tu wa shina. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mti unakufa. Anika kivulini mpaka kipande kikikunjwa kivunjike. Mimi niliwahi kufungia gome bichi kwenye mfuko wa plastiki. Kwa unyevu wa pwani hii, wiki haikwisha likawa limeota ukungu, nikatupa lote.

2. Dondoo. Saga, loweka kwenye ethanoli ya asilimia 80 kwa siku 3, chuja, kausha kwa nyuzi 40. Ethanoli iishe kabisa. Ikibaki itaua bakteria, sifa apewe mjafari.

3. Pleti ya vishimo 96. Yeyusha miligramu 20 za dondoo katika mikrolita 200 za DMSO (kiyeyushi cha maabara). Chukua mikrolita 40 za hiyo, changanya na 960 za mchuzi wa kukuzia: Middlebrook 7H9 kwa smegmatis, Mueller-Hinton kwa Staphylococcus.

Vishimo vya pembeni vijaze maji safi yaliyochemshwa kwenye autoklevu, maana ndivyo hukauka kwanza. Kwenye safu za ndani tia mchuzi mikrolita 100 kila kishimo. Cha kwanza ongeza dondoo 100, changanya, hamisha 100 kwenda cha pili, hivyo hivyo mpaka cha nane, kisha mwaga 100 za mwisho. Ongeza bakteria mikrolita 100 (McFarland 0.5, yaani kipimo cha wingi wa bakteria kwa utusitusi wa mchuzi, iliyopunguzwa mara 100). Sasa una mikrogramu 1000 kwa mililita hadi 7.8.

4. Vishimo vya kulinganishia. Hapa ndipo wanafunzi wengi huiba njia. Lazima uwe na: bakteria na DMSO ya asilimia 1 bila dondoo, mchuzi mtupu, antibiotiki ya siprofloksasini, na dondoo bila bakteria, kwa kila kipimo. Rifampisini, nayo antibiotiki, siipendi kwa kazi hii, ina wekundu wake.

5. Rangi. Acha kwenye nyuzi 37: saa 48 kwa smegmatis, 18 hadi 20 kwa Staphylococcus. Tia rezazurini mikrolita 30, subiri saa chache. Bluu maana yake hawakukua, waridi, wamekua.

Dondoo la mjafari lina umanjano, na umanjano juu ya bluu hutoa kijani. Mara ya kwanza nilikodoa macho nusu saa nikidhani bakteria wamekua nusu. Weka pleti juu ya karatasi nyeupe, ulinganishe kila kishimo na mwenzake asiye na bakteria. Vishimo vikifanana, hapo pamezuiwa.

6. Wamekufa au wamelala? Kabla ya kutia rangi, toa tone kwenye kila kishimo ambacho mchuzi wake bado ni mwangavu, pandikiza kwenye agari safi. Makoloni yakiota, andika "limezuia". Usiandike "limeua".