Kuandaa kongamano la kimataifa la madaktari baada ya maafa

Mimi huratibu makongamano ya kitabibu. Mji ukishapigwa na tetemeko, kimbunga au mafuriko, kabla sijataja tarehe nauliza kwanza: vyumba vya hoteli vimelaliwa na nani? Mara nyingi ni familia zisizo na nyumba na watu wa misaada. Kama wageni wako watakuja kuwaondoa hao, ahirisha. Swali la pili mpelekee mganga mkuu wa hospitali ya mji: mshiriki akianguka ukumbini, kitanda kipo? Akisitasita, umeshajibiwa.

Usipange kwa kalenda ya mji mwingine. Kituo cha mikutano cha New Orleans, Marekani, kilichojaa watu waliokimbia kimbunga Katrina Agosti 2005, kilianza tena kupokea mikutano mikubwa mwaka 2006. Kile cha Christchurch, New Zealand, baada ya tetemeko la Februari 2011, kilibomolewa, na kipya kikafunguliwa Desemba 2021.

Ukumbi ukipatikana, dai barua ya mhandisi wa majengo, na usome tarehe yake. Nepal ilitikiswa tarehe 25 Aprili 2015 kwa kipimo cha 7.8, kisha tarehe 12 Mei likaja jingine la 7.3. Jengo lililopasishwa katikati ya siku hizo lilihitaji kukaguliwa upya. Jenereta na maji vijitegemee, visinyonye laini ya hospitali.

Sasa ratiba, na hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu zako nyingi. Wenyeji wazungumze kwanza, tena kwa muda mrefu kuliko wageni mashuhuri. Tatizo ni kwamba daktari aliyetoka zamu ya usiku hana muda wa kutengeneza slaidi. Mtume kijana mmoja akae naye kwenye meza ya wodi, rejista ya wagonjwa ikiwa wazi mbele yao, wapitie siku baada ya siku: nani aliletwa saa za mwanzo, vidonda gani viliingia usaha wiki ya pili, gesi ya oksijeni iliisha lini. Humo ndimo yanamotoka mambo ambayo mgeni hawezi kuyabuni. Mtu aliyebanwa miguu chini ya kifusi, kwa mfano, anaweza kutolewa akiwa anaongea, kisha moyo ukasimama kwa potasiamu iliyomwagika kutoka kwenye misuli iliyopondeka, au figo zikafeli. Ndiyo maana dripu ya maji ya chumvi huanza akiwa bado amebanwa. Atakayeeleza jinsi walivyopata mshipa wa mkono gizani mpe saa nzima.

Kikao chake kiwekwe alasiri, raundi ikishaisha, karibu na hospitali, na asilipe kiingilio. Wa kushika zamu yake atafutwe mapema katika mikoa isiyoguswa. Mgeni kutoka nje hawezi kutibu bila kibali cha baraza la madaktari la nchi husika, hata awe bingwa kiasi gani.

Picha za wagonjwa zinanihangaisha kuliko yote. Kufunika macho hakutoshi. Ndugu atamtambua mtu wake kwa kovu au kwa kanga aliyojifunika. Ridhaa iandikwe, kwa lugha ya mgonjwa, na awe amepata nafuu ya kuelewa anachokubali. Picha isiyo na ridhaa iondoe, hata kama wasilisho zima litaporomoka.

Wakalimani wawe wawili kila kibanda, wapokezane takribani kila nusu saa. Watumie ushuhuda mapema wausome, kwa sababu kumtafsiria mama anayesimulia alivyompoteza mwanawe ni kazi nzito.

Mwisho, barua ya mwaliko iseme wazi kwamba dawa zisiletwe kwenye mabegi. Armenia ilipopatwa na tetemeko mwaka 1988, ilitumiwa tani 5,000 za dawa na vifaa. Watu 50 walichukua miezi sita kujua kilichomo, na asilimia 8 ya dawa zilikuwa zimeisha muda zilipofika. Mshiriki anayetaka kusaidia aombe orodha kwa mfamasia wa hospitali, alete kilichoandikwa humo tu, chenye angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na maelezo yake yawe katika lugha inayosomeka na wauguzi wa pale.