Somo: Kupangilia kazi na mapumziko ukiwa na tatizo la umakini (hasa siku ile kazi inapokwenda vizuri)

Ndugu zangu, naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Ujumbe ninaoletewa ni ule ule: "Dada, nina ADHD, nafanyaje kazi bila kuishiwa nguvu?" au "Nikipumzika najiona mvivu." Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Tabata, Dar es Salaam, na niligundulika na ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa vigumu kuviongoza, nikiwa mtu mzima. Mimi si daktari. Ninachoeleza ni upangaji wa siku, si tiba.

Kwanza elewa jambo moja, maana bila hilo hatua zote zitakuponyoka. Umakini tunao. Kinachotusumbua ni kuuelekeza. Mifumo ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, inahusika sana, kwa sababu ndiyo inayosaidia kuamua kipi kinastahili kushughulikiwa sasa hivi. Ndiyo maana kazi inayochosha hatuianzi hata kama ni ya lazima, na kazi iliyotuvutia hatuiachi hata mwili ukiomba huruma. Wengi wanapambana na lile la kwanza tu. Mimi nasema la pili ndilo linalotumaliza, kwa sababu linafanana na bidii na watu wanatusifia kwalo.

Hatua ya 1: Pimwa. Kukosa usingizi, sonona, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana na hizi. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, uulizie huduma ya afya ya akili. Muhimbili wapo mabingwa.

Hatua ya 2: Daftari moja. Usiandike nyuma ya risiti, usitunze kichwani.

Hatua ya 3: Kazi tatu kwa siku, zimeandikwa usiku uliotangulia. Ya nne ni ya kesho.

Hatua ya 4: Saa ya mishale, ukutani, mbele ya macho yako. Simu isiwe saa. Ukiifungua kutazama muda utatoka humo nusu saa baadaye. Halafu kwa wiki mbili andika kila kazi imeanza lini na imeisha lini. Ukiona gauni lenye bitana unalolikadiria masaa matatu linakula matano, mwambie mteja matano. Uchovu wetu mwingi unatokana na ahadi tulizotoa kwa kubahatisha.

Hatua ya 5: Kata kazi vipande. Mwitaliano Francesco Cirillo alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Ni mzuri, ila 25 si amri. Kengele ikilia katikati ya kola, umeharibu kola na pumziko pia. Mimi natumia bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani: uzi huo ukiisha, nanyanyuka, kwa kuwa cherehani nayo imegoma. Kila kazi ina mahali pake pa kukatika. Mwalimu ana rundo la madaftari, mpika chapati ana donge la unga. Tafuta pako.

Hatua ya 6: Funga kazi siku inayokwenda vizuri. Hii ndiyo niliyoikosea kwa miaka, na ndiyo ninayoiandikia somo zima, kwa hiyo usiiruke.

Siku mbaya inajilinda yenyewe, kwa sababu mikono imegoma na hakuna cha kuzidisha. Siku nzuri ndiyo ya kuiogopa. Kuna sare za kamati ya harusi, kichwa kimefunguka, kitambaa kinakatika kama kinajijua. Chakula cha mchana unakipita. Adhana ya alasiri inaadhiniwa msikiti wa jirani na huisikii. Unakwenda mpaka usiku wa manane, mteja anafurahi, nawe unalala ukiamini hatimaye umepona. Kisha zinafuata siku ambazo kutunga uzi kwenye sindano tu ni mlima. Unashika simu, unajilaumu, unasema uvivu umerudi. Si uvivu. Unalipa deni la siku ile. Hesabu wiki nzima: siku moja kubwa ikifuatiwa na siku tatu tupu inazaa kazi ndogo kuliko siku nne za kawaida, na wateja wa siku tatu hizo umeshawapoteza.

Sasa namna ya kufanya. Saa ya kufunga iamuliwe asubuhi, kabla hujajua siku itakuwaje, kwa sababu ukiwa katikati ya kazi tamu huwezi kujihukumu kwa haki. Yangu ni jua linapozama. Dar tuko karibu na ikweta, mwaka mzima linazama baada ya saa kumi na mbili jioni na kabla ya saa moja, hivyo halinipi kisingizio. Kabla ya kunyanyuka andika sentensi moja ya kinachofuata: "Mkono wa kushoto umepachikwa, bado wa kulia." Usipoandika, akili itaendelea kushona kitandani. Na iache kazi mahali rahisi. Ukiiachia kwenye zipu iliyokushinda, kesho hutaigusa.

Tahadhari:

Maneno "namalizia hiki tu" ndiyo mlango wa kurudi kwenye usiku wa manane. Ukiyasikia kinywani mwako, zima cherehani saa hiyo hiyo.

Simu si pumziko. Video fupi fupi zinavuta umakini ule ule uliochoka, na hazina mwisho. Chagua pumziko linaloisha lenyewe: kuoga, kukuna nazi, kutembea hadi gengeni na kurudi, kulala dakika ishirini kwa kengele.

Asubuhi ikiharibika, usiifidie usiku. Utakuwa umeharibu siku mbili.

Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, usijipangie kazi nzito kati ya saa saba na saa tisa mchana. Weka vifungo na kutoa nyuzi. Umeme ukikatika na feni ikasimama, hilo ni pumziko umepewa, lichukue.

Hatua ya 7: Usingizi. Saa ya kuamka iwe ile ile kila siku, Jumapili nayo imo. Wengi wenye hali hii saa yao ya mwili huchelewa, usingizi unakuja usiku sana. Kuamka kwa wakati na kutoka kwenye mwanga wa asubuhi kunasaidia kuliko kujilazimisha kulala.

Hatua ya 8: Siku moja kwa wiki bila mteja. Ibandike mlangoni.

MASWALI

Mdau wa Buguruni: Dada sijasoma yote, ni ndefu. Nitajie tu dawa ya kununua nichangamke.

Jibu: Hatua ya 1. Dawa za hali hii anaandika daktari, na hupima kwanza presha na mapigo ya moyo kwa sababu baadhi yake huyapandisha. Usinunue za mkononi.

Mkongwe: Zamani hatukuwa na magonjwa haya. Ni simu zenu na uvivu.

Jibu: Daktari Alexander Crichton aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza umakini mwaka 1798. George Still aliwahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1902. Simu za mkononi hazikuwepo. Na mtu anayeshona mpaka usiku wa manane huwezi kumwita mvivu. Sina la kuongeza.

Mama Wawili, Mbagala: Nimesoma mara mbili, Mungu akubariki dada. Mimi ni nesi, nina zamu za usiku, nikirudi asubuhi nakuta watoto. Saa ya kufunga naiweka wapi mimi?

Jibu: Swali zuri sana, dada yangu, na ni kweli jua langu halikufai. Wewe usifunge kwa saa, funga kwa tendo. Kuvua sare ndiyo iwe kengele. Kabla ya kuivua andika kile ulichokabidhi na kile kinachokusumbua, ili kisikufuate nyumbani. Kwenye daladala simu ibaki kwenye mkoba mpaka ushuke kituo cha Rangi Tatu. Nyumbani ongea na aliyepo, awe mume, mama au dada wa kazi, upate nusu saa ya kuoga na kukaa kimya kabla hujapokea watoto. Yaongee siku ya mapumziko, si asubuhi umeshachoka, maana asubuhi utaomba kwa hasira na utakataliwa. Chumba ukitie giza kwa kitenge kizito dirishani. Na usiku wa kwanza wa mapumziko usipange kufua nguo zote za wiki. Hiyo ndiyo siku nzuri inayokuponza wewe.

Mama Wawili: Na mwanangu wa miaka minane naye ni hivyo hivyo.

Jibu: Inawezekana, hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Daktari atataka kujua kama dalili zipo nyumbani na shuleni pia. Kwa hiyo zungumza na mwalimu wake kwanza, uandike atakayokuambia. Ombi langu moja: asinyimwe kucheza kwa sababu hajamaliza kazi. Mtoto wa namna hii akikosa kukimbia, kipindi kinachofuata atakaa vibaya zaidi.

Usiku Kazi: Mimi vinywaji viwili vya kuongeza nguvu saa nne usiku, nafika alfajiri nikiwa mzima. Sioni shida.

Jibu: Kafeini huchukua takriban masaa matano kupungua nusu. Ya saa nne usiku, nusu yake bado ipo saa tisa. Rudi hatua ya 7.

Usiku Kazi: Na mirungi je?

Jibu: Kisheria hapa Tanzania ni dawa ya kulevya. Tusiijadili.

Kijana wa Kimara: Dada, kazi yangu ni ya ofisini Posta, mwenye saa ni bosi. Bobini sina.

Jibu: Unayo chai ya saa nne. Kazi unayoikwepa ifanye kabla ya chai, kwa kuwa chai itakukata upende usipende. Mchana toka nje ya jengo hata dakika kumi, usile mezani kwako. Jioni usipande mwendokasi na kazi kichwani: andika ile sentensi moja kabla ya kuzima kompyuta. Ukishuka Kimara umechoka hata kuongea, usianze kazi ya pembeni usiku huo.

Abu Salma: Mimi swala tano ndizo kengele zangu. Adhuhuri nafunga duka, natembea mpaka msikitini, nikirudi kichwa kimetulia.

Jibu: Hii ni bora kuliko saa ya ukutani, kaka. Huhitaji kukumbuka, na watu wanakupita mlangoni wakielekea huko huko.

Binti Sinza: Nikiwa na mtu pembeni nafanya kazi vizuri hata kama hatuongei. Peke yangu sifanyi kitu. Ni kawaida?

Jibu: Ni kawaida sana kwetu, wengi wanasema hivyo. Basi mtumie huyo mtu kwenye kufunga pia. Mimi na fundi jirani tumekubaliana: atakayefunga kwanza anagonga meza ya mwenzake, na aliyegongewa hajibu "dakika tano".

Fundi mwenzako: Bobini yangu inaisha mapema mno, nitapumzika kila saa.

Jibu: Angalia kama inajazwa kwa kubanwa sawasawa, ikilegea inabeba uzi kidogo. Kwa uzi mnene itaisha haraka tu, hapo nyanyuka kila ya pili. Zote za siku zijaze asubuhi uzipange mezani. Ya mwisho ikiingia kwenye cherehani, usipokee tena kipimo cha mtu.

Fundi mwenzako: Nijaze ngapi?

Jibu: Chache kuliko unavyotamani. Zikibaki hata moja jioni, ulikadiria vizuri.