Gari baridi ndilo lenye moshi mchafu

Kama duka liko hapo mtaa wa pili tu, acha gari nyumbani. Wengi hudhani safari ndefu ndizo zinazochafua hewa, kumbe kwa kila kilomita, ile ya dakika tano ya kufuata mkate na vocha ndiyo mbaya zaidi. Gari la petroli lina kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Unafika dukani bado hakijapata. (Hapo nachukulia fundi hajaking'oa akakiuza, maana ndani kina madini ya thamani, platinamu na paladiamu.)

Mimi shughuli za Jumamosi nazifunga safari moja: gereji, sokoni, kwa shangazi, kisha nyumbani, injini ikiwa bado ya moto. Za mjini, hapa Dar es Salaam, napanda basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kubanana kupo, sikatai.

Na ukimsubiri mtoto nje ya geti la shule, zima injini, shusha vioo. Watoto wanapita usawa wa bomba lako la moshi.