Kumtambua kangaruu porini: anza na pua, rangi baadaye

Wengi hutazama rangi kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. Dume la kangaruu mwekundu kweli ni jekundu, lakini jike lake mara nyingi lina kijivu cha samawati, na kwa mbali utaapa umeona kangaruu wa kijivu.

Toka alfajiri au jua likielekea kuzama, maana mchana hulala kivulini. Elekeza darubini puani. Pua iliyofunikwa manyoya hadi katikati ya matundu ni ya kangaruu wa kijivu. Pua nyeusi, kubwa, iliyo tupu kabisa ni ya waluru, aina nyingine ya kangaruu. Mwekundu yuko katikati: pua tupu kiasi, doa jeusi kando yake, na mstari mpana mweupe kutoka pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Jike nalo lina mstari huo. Ukibaki na shaka, tazama mkia: wa kijivu ana ncha nyeusi, mwekundu ana ncha iliyopauka.

Kazi ipo kwa wale wa kijivu, kwani ni aina mbili: wa mashariki na wa magharibi. Wa magharibi amekolea hudhurungi, na madume yake makubwa hunuka kama bizari. Simama mahali ambapo upepo unatoka kwao kuja kwako. Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, utamkuta wa mashariki tu. Karibu na Perth, jiji la magharibi mwa Australia, wa magharibi tu. Magharibi mwa New South Wales, jimbo la kusini-mashariki mwa Australia, wamechanganyika, kwa hiyo ramani haitakusaidia.

Waluru mtafute kwenye vilima vya mawe. Husimama mabega yamerudi nyuma, viwiko vimebanwa mbavuni. Yeyote unayemtazama, usimkaribie dume aliyesimama wima: huegemea mkia na kurusha teke kwa miguu yote miwili.

Mgawanyo huu una historia. Wanyama wenye mfuko waliingia Australia kutoka Amerika Kusini kupitia Antaktika, nchi hizo zikiwa bado zimeshikana. Kangaruu wa mwanzo walikuwa wadogo, wa msituni. Bara lilipokauka na nyasi kuenea, wakatokea hawa wakubwa. Wengine walirudi mitini, na leo wapo Guinea Mpya na kaskazini-mashariki mwa Queensland, jimbo la Australia. Kwenye nyanda za juu za Atherton, huko Queensland, watafute usiku kwa tochi, ukimulika matawi ya juu: kinachoonekana kwanza kwa kawaida ni mkia mrefu unaoning'inia.