Mwomba hifadhi anapofika kijijini kwako: mwongozo kwa watendaji na wenyeviti wa mkoa wa Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa nyumba kumi na kiongozi wa kikundi cha ulinzi wa fukwe, kuanzia Jasini hadi Pangani na huko bara kuelekea Handeni. Hao ndio wanaokutana na mgeni kabla ya wizara, kabla ya kamati yoyote, na mara nyingi kabla ya polisi. Kazi yao katika saa hizo za mwanzo ni kumpokea mtu, kuandika habari zake kwa usahihi na kumkabidhi kwa mamlaka inayohusika. Kuamua kama ni mkimbizi wa kweli au ni mdanganyifu si kazi ya ofisi ya kijiji, na kiongozi anayejitwika kazi hiyo huvuruga hifadhi na usalama kwa pamoja.

Sheria inavyokugusa wewe

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 kinamtaka mtu aliyeingia nchini na anayetaka kutambuliwa kuwa mkimbizi ajitokeze ndani ya siku saba kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa ofisa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani (“justice of the peace”, yaani mtu aliyepewa na sheria mamlaka ya kimahakama ya ngazi ya chini) aliye karibu naye. Mtendaji ametajwa humo kwa cheo chake. Kwa hiyo mtu akibisha hodi ofisini kwako jioni na kusema kwamba amekimbia nchi yake, hajakosea mlango, na jibu la kumwambia aende Dodoma au arudi Jumatatu halikubaliki, kwa kuwa siku zake saba zinaendelea kuhesabiwa. Katika mitaa ya Jiji la Tanga, ambako ofisi ya Uhamiaji na vituo vya polisi viko karibu, njia nyepesi ni kumsindikiza huko siku hiyo hiyo.

Mgeni halazimiki kutamka neno “hifadhi”. Akisema kwamba anaogopa kurudi kwao kwa sababu watamuua, watamfunga au kuna vita, hayo yanatosha kumfanya mwomba hifadhi mbele yako. Sheria hiyo hiyo haitaki mtu wa namna hiyo aadhibiwe kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, mradi ajitokeze kwa wakati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake vimo hatarini. Hivyo usimpakie kwenye bodaboda na kumrudisha mpakani Horohoro kimyakimya, hata kama wananchi wanakushangilia.

Ni kweli kwamba watu wa Tanga wana sababu ya kuwa macho. Februari 2015 vyombo vya dola vilipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, na tangu hapo mgeni asiyejulikana hatazamwi kama zamani. Zaidi ya hayo, mkoa uko kwenye njia ya vijana wa Ethiopia na Somalia wanaosafirishwa kwenda kusini mwa Afrika, wakipitia njia za panya za Mkinga au wakishushwa usiku ufukweni na kufichwa kwenye mashamba ya mkonge. Wengi wao wanatafuta kazi, na baadhi wanakimbia mateso kwelikweli, lakini kwa kuwatazama tu huwezi kuwatenganisha. Hiyo ndiyo sababu ya kuwaandika wote, kwa maana anayeandikwa siku ya kwanza ni rahisi kuchunguzwa, ilhali aliyefukuzwa na wananchi hujificha, na hapo hakuna chombo kinachojua aliko.

Saa za mwanzo

Anza na uhai. Watu waliofungiwa ndani ya lori au jahazi kwa muda mrefu wanaweza kufa hata baada ya kuokolewa, na mwezi Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kusafirishwa ndani ya lori mkoani Dodoma. Wape maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi, si sahani ya ubwabwa, na umwite mhudumu wa zahanati kabla ya kuanza maswali. Wakati huo huo piga simu kituo cha polisi cha karibu au namba 112, na utoe taarifa kwa Uhamiaji.

Silaha hushughulikiwa kabla ya jambo jingine lolote. Sheria inamtaka mwomba hifadhi asalimishe silaha na risasi zake mara moja, kwa hiyo mwulize waziwazi, mbele ya mashahidi wawili. Usimpekue wewe wala usiwaruhusu vijana wa mtaa wampekue. Subiri askari, na mwanamke apekuliwe na mwanamke. Ukiona silaha, usiiguse. Wasogeze watu mbali na uache polisi waichukue. Mtu aliyekuwa mpiganaji hutengwa na raia na shauri lake huenda njia ya peke yake, maana hifadhi ni ya watu wasio na silaha.

Pakiwepo mtoto asiye na mzazi, mwite ofisa ustawi wa jamii au upige namba 116, na usikubali alale chumba kimoja na watu wazima wasio ndugu zake. Mtu mzima anayejitokeza kwa haraka kusema kwamba yeye ni mjomba wa watoto watano waliotoka nyumba tofauti apewe nafasi yake ya kueleza, lakini asiachiwe watoto. Hapo unaweza kuwa unamtazama msafirishaji, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamhusu yeye, huku wale aliowasafirisha wakiwa ni waathirika.

Kuhusu picha, hakuna mjadala: usipige. Sura ya mwomba hifadhi ikishafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa imefika pia kwa wale anaowakimbia, na ndugu zake waliobaki nyuma wanaweza kulipia. Kwa sababu hiyo hiyo usiupigie simu ubalozi wa nchi yake ili kuthibitisha habari zake, hata kama nia yako ni njema.

Kuandika maelezo

Hapa ndipo penye uzito wote. Ofisa atakayemhoji mwezi mmoja au mwaka mmoja baadaye atalinganisha maneno yake na yale yaliyoandikwa kwako, na tofauti ndogo inaweza kumfanya mkweli aonekane mwongo. Andika kwenye daftari la wageni tarehe na saa uliyompokea, mahali alipokutwa, njia aliyopita kwa maneno yake mwenyewe, watu aliofuatana nao, nyaraka alizonazo, na sababu aliyoitaja ya kuondoka kwao. Sababu iandikwe kama alivyoisema. Akisema, “Walikuja usiku wakamchukua kaka yangu,” andika hivyo, wala usigeuze kuwa “anadai matatizo ya kisiasa”, kwa sababu maneno hayo ya pili ni yako.

Majina yanahitaji subira. Waethiopia wengi hawana jina la ukoo. Jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, kama tulivyozoea sisi watu wa pwani, na ndugu wa baba mmoja na mtoto wa mmoja wao hawatafanana jina la mwisho. Andika majina matatu kwa mpangilio anaoutaja yeye, na umwombe ayaandike pia kwa mkono wake pembeni kwa herufi za kwao. Tarehe zina mtego wake. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya hii tunayotumia kwa miaka saba au minane, kwa hiyo anayesema amezaliwa mwaka 1990 kwa hesabu ya kwao alizaliwa 1997 au 1998 kwa hesabu yetu. Mtendaji asiyelijua hilo humwona kijana huyo ni mrongo tangu swali la pili. Andika mwaka alioutaja na uongeze maneno “kwa kalenda ya kwao”. Upande wa saa wao huhesabu kama sisi, kuanzia mapambazuko, lakini kitabu cha polisi huandikwa kwa saa 24, basi andika “saa mbili usiku (20:00)” ili pasiwe na utata.

Mkalimani asiwe dereva aliyewaleta, asiwe mtu aliyelipwa kuwavusha, na asiwe yule kijana anayezungumza kwa niaba ya wote huku wengine wakitazama chini. Ukikosa mtu wa kuaminika, ni afadhali uandike machache uliyoyapata kwa ishara na maneno mawili matatu ya Kiswahili, na uandike pia kwamba hapakuwa na mkalimani, kuliko kujaza ukurasa mzima maneno ya mtu mwingine.

Mali ihesabiwe mbele yake, fedha kwa noti, simu kwa rangi na aina. Usiifungue simu yake. Yeye na shahidi waweke sahihi au dole gumba.

Baada ya kukabidhi

Mkabidhi kwa ofisa wa Uhamiaji au polisi kwa maandishi, na ofisa huyo aandike jina lake, cheo chake, tarehe na saa. Nakala ibaki kwako na nyingine iende kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Wananchi wakiuliza yuko wapi, waeleze kwamba yuko mikononi mwa serikali, basi.

Kutoka hapo shauri linakwenda kwenye idara ya wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Alama za vidole na picha huchukuliwa, mwombaji huhojiwa kwa kina, na maombi hupelekwa kwenye kamati ya kitaifa inayojumuisha maofisa wa wizara na vyombo mbalimbali, ambayo humshauri waziri. Uchunguzi wa kiusalama umo ndani ya hatua hizo. Mkataba wa 1951 wenyewe unamnyima ulinzi wake mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu wa kivita, au uhalifu mkubwa usio wa kisiasa kabla ya kuingia nchini. Wanaodhani kwamba kuomba hifadhi ni kichaka cha wahalifu husahau kwamba mhalifu mwenye akili hakimbilii mahali anapochukuliwa alama za vidole. Aliyekataliwa anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya. Zamani, kwa makundi makubwa, serikali iliwahi kuwatambua watu kwa pamoja bila mahojiano ya mmoja mmoja, kama ilivyokuwa kwa Warundi hadi Januari 2017, lakini anayefika kwako leo ajiandae kuhojiwa peke yake.

Anayekubaliwa hupangiwa mahali pa kuishi, kwa kawaida katika kambi za Kigoma kama vile Nyarugusu, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kwa hiyo ukimkuta stendi ya mabasi ya Kange, jijini Tanga, mtu mwenye karatasi ya Nyarugusu, huyo si mgeni mpya wa kuandikwa upya. Angalia kibali chake kina tarehe gani na kinamruhusu kwenda wapi, na kikiwa kimekwisha au hakipo, wasiliana na Uhamiaji.

Na kuna watu wa Chogo, wilayani Handeni. Hao ni Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizi katika karne ya 19 na kuishia kandokando ya mto Juba, Somalia. Vita vya Somalia vikawarudisha katika miaka ya 1990, wakapokewa kama wakimbizi, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Baadhi yao bado wana lafudhi na majina ya Kisomali. Mgambo akimsimamisha mmoja wao sokoni kwa sababu ya lafudhi yake, kinachotazamwa ni kitambulisho cha taifa au cheti cha uraia, na akiwa nacho aachwe aendelee na shughuli zake bila kuandikwa kwenye daftari la wageni.