Jinsi ya Kujibu Swali la Chimbuko la Haki: Mungu au Jamii?

Mtu akitaka kuaminiwa huapa "haki ya Mungu", na mtu huyohuyo jirani akimsogezea mpaka wa shamba huenda kwenye baraza la ardhi kudai haki yake kwa mujibu wa sheria. Neno ni moja lakini linafanya kazi mbili, na midahalo mingi kuhusu chimbuko la haki huvurugika hapo, kabla msemaji wa kwanza hajarudi kitini. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwanafunzi, mwalimu wa uraia au mtu yeyote aliyetakiwa kuandika au kuzungumza juu ya swali hilo: haki hutoka kwa Mungu au kwa jamii?

Anza kwa kulichunguza neno "hutoka". Ndani yake mna maswali matatu: kwa nini mwanadamu anastahili haki hiyo, ni nini kinachoifanya itambuliwe na mahakama, na ni nani mwenye uwezo wa kuifuta. Mtu anaweza kujibu la kwanza kwa kumtaja Mungu na la pili kwa kulitaja Bunge bila kujipinga hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua upande, andika maswali hayo matatu kwenye karatasi na ujibu kila moja peke yake.

Kisha chagua haki moja na uisome ilivyoandikwa, kwa maana anayezungumzia "haki" kwa ujumla huishia kuhubiri. Chukua haki ya kuishi. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi "na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria". Soma polepole. Kinachotajwa kuwa kinatoka katika jamii ni hifadhi. Haki yenyewe mtu "anayo" tu, na ibara haisemi aliipata wapi. Ibara ya 12 nayo inasema binadamu wote huzaliwa huru, bila kueleza ni nani aliyewazaa na uhuru huo. Utangulizi wa Katiba hiyo unaanza na wananchi walioamua, ilhali ule wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 unaanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Ibara ya 19 ya Kenya, inapotamka kwamba haki hizo ni za kila mtu na hazikutolewa na dola, haimtaji Mungu wala jamii. Ukimya wa aina hiyo ni ushahidi, na mwandishi makini huutumia.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye manufaa zaidi, ni kuijaribu haki hiyo kwa kalenda. Tanzania iliingiza sura ya haki za msingi katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kusikiliza madai yanayotokana nayo kuanzia mwaka 1988. Jiulize: mwaka 1983 Mtanzania alikuwa na haki ya kuishi? Anayejibu "hapana" ameshika kwamba haki ni andiko la jamii, na itambidi aeleze kwa nini kuua kulikuwa kosa la jinai miaka yote hiyo. Anayejibu "ndiyo" itambidi aeleze haki hiyo ilikaa wapi. Tena kuna ile miaka ya katikati, ambapo haki ilikwisha kuandikwa lakini hakimu hakuweza kuigusa. Hapo hata mtetezi wa jamii hulazimika kukiri kwamba kuandikwa peke yake hakutoshi.

Baada ya hapo upeleke kila upande mahali unapoona aibu. Anayesema haki hutoka kwa Mungu aulizwe ni nani anayemsemea. Utumwa wa Zanzibar ulitetewa kwa dini na kupingwa kwa dini, na hadhi yake ya kisheria ilifutwa kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1897, tena kwa namna iliyomtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Anayesema haki hutoka kwa jamii apelekwe Ujerumani ya mwaka 1935, ambako sheria zilizopitishwa Nuremberg ziliwavua Wayahudi uraia kwa utaratibu wa bunge. Ikiwa jamii ndiyo mtoaji pekee, kwa kipimo gani tunasema ilikosea?

Walioandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 walilikuta swali hilohilo. Pendekezo la Brazil la kutaja kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu halikuingia, na maneno yaliyosema haki hutokana na maumbile yakaondolewa pia. Hawakukubaliana juu ya chimbuko, lakini walikubaliana juu ya orodha. Ukiwa mwandishi unaruhusiwa kusimama hapo. Ukiwa kwenye mdahalo utaonekana umekwepa.

Usisahau kwamba hata ndani ya dini mgawanyo huu upo. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hutenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja, yaani wanadamu: deni ni haki ya mja, na mdai anaweza kulisamehe. Na Kadhi wa Kenya anapoamua mirathi kwa sheria ya Kiislamu, mamlaka yake yanatajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba iliyopigiwa kura ya maoni, na hufanya kazi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Sheria inayoaminiwa kuwa ya Mungu imepitia mlango uliofunguliwa na wapiga kura.

Mwishoni andika msimamo wako kwa sentensi moja inayojibu maswali yote matatu. Wangu ungesomeka hivi: naamini uhai ni amana ya Mungu, nakubali kwamba mahakamani unalindwa kwa sababu jamii iliandika hivyo, na najua kwamba Tanzania theluthi mbili ya wabunge wote wanaweza kuibadilisha Ibara ya 14, wakati Kenya sura ya haki haibadilishwi bila kura ya maoni.